Kikombe Kisichooshwa

Mwanahawa binti Salimu hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, na Alhamisi ile, gulio la Lushoto likiwa limefurika kabichi, karoti na wanawake wa Shume wenye sauti za kuitia wateja, hakulia. Alisimama kando ya ofisi ya utamaduni, akaisoma barua ya chuo kwa mara ya tatu, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa sweta. Kisha akashika njia kwenda kwa mwanamume aliyemponza.

Barua ilitoka chuo kimoja cha habari huko Arusha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vituo vya televisheni ndiyo kwanza vinafunguliwa, na chuo kilitaka vijana kumi na wawili wa kufundishwa kutengeneza filamu na kuandika juu ya filamu. Kila wilaya ilipelekewa kanda moja ya filamu ya kigeni isiyo na maandishi chini, pamoja na maelekezo ya mistari miwili: chagua onyesho moja, eleza toni yake, na uthibitishe kwa yale uliyoyaona. Bi Klara, Afisa Utamaduni, aliichukua kanda hiyo akaipeleka kwenye banda la video la Kassimu, maana deki ya maana mjini ilikuwa pale. Vijana tisa walikwenda kuitazama. Wanane walicheka, wakala karanga zao, wakarudi makwao. Mwanahawa aliandika kurasa sita.

Mtu wa chuo aliyezisoma alimsifu mwandiko, akamsifu lugha, halafu akamwuliza swali lililomchoma mpaka kwenye mfupa. Ukurasa wa pili, aliandika, unasema mwanamke anaahidi kurudi masika yakianza, na kwa hiyo toni ya onyesho ni ya matumaini. Ahadi hiyo umeiona wapi? Katika mji ule inaanguka theluji. Masika yametoka wapi? Chini yake palikuwa na sentensi ya mwisho, kwamba kwa kuwa anaonyesha kipaji anapewa nafasi ya kuandika tena, mara moja tu, na insha ifike kabla ya tarehe ishirini. Siku ile ilikuwa tarehe kumi na mbili.

Masika yalitoka kinywani mwa Kassimu. Kutoka Magamba mpaka Soni hapakuwa na mtu asiyeijua sauti hiyo. Filamu iwe ya Kihindi, ya Kichina au ya watu wasiojulikana wanakotoka, Kassimu alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, akamtia Kiswahili mdomoni kila aliyepita kwenye kioo. Jambazi alizungumza kama mtu wa Tanga mjini, askari alizungumza kama mgambo wa sokoni, na bibi yeyote aliyetokea, hata kama ni Mzungu, aliamkia kwa Kishambaa. Watu walivunjika mbavu. Mwanahawa naye alivunjika mbavu pamoja nao, na tangu mwaka uliopita alikuwa akija hata kutazama filamu za ngumi, ambazo hazipendi. Mwenye macho alikwisha kuona.

Alimkuta anasafisha deki kwa pamba na spiriti. Hakumsalimu, na kwa msichana aliyelelewa na Mzee Salimu, kuingia mahali bila salamu lilikuwa jambo zito.

"Kassimu, yule mwanamke alisema nini?"

"Mwanamke yupi?"

"Wa kikombe. Yule aliyekunywa chai akaondoka."

Kassimu alitabasamu, akiukumbuka uhodari wake. "Alisema masika yakianza atarudi."

"Alisema kwa lugha gani?"

Tabasamu lilipungua. Aliiweka pamba chini.

"Nimekuuliza. Lugha ya wale watu unajua maneno mangapi?"

"Hata moja, Hawa."

Alimpa barua aisome. Kassimu alisoma polepole, na alipofika kwenye masika na theluji alifumba macho kidogo, akaikunja barua vizuri na kumrudishia kwa mikono miwili. Angeomba radhi papo hapo, huenda hasira zingempungua Mwanahawa. Lakini Kassimu aliichukua tena pamba yake, na jambo hilo likazidi kumchoma.

"Nimeandika uongo wako kwa mwandiko wangu," alisema. "Nyumbani wanasema wewe ni mtu wa kelele. Nilikutetea. Nilisema Kassimu ana akili kuliko wanavyodhani. Sasa niende nikawaambie nini?"

"Waambie wanavyopenda." Kassimu aliinua uso, na macho yake yalikuwa na kiburi kile kile kilichokuwa machoni mwa Mwanahawa. "Ila uongo ni neno kubwa. Kesho asubuhi njoo na Bi Klara. Nitakuwekea kanda bila sauti, na mimi nitafunga mdomo. Kila nililosema siku ile nimelisoma kwenye picha, isipokuwa neno moja. Nikishindwa kukuthibitishia, usinisalimie tena mpaka nife."

Mwanahawa alimwuliza ni neno lipi. Alijibiwa kwamba ataliona mwenyewe.

Jioni ile nyumbani, wakati wa ugali, Mzee Salimu alisema yale ambayo huyasema kila mara, na mkewe akamsaidia pale aliposahau. Mzee Salimu alikuwa mkulima wa kabichi, mtu wa maneno machache na mifereji mingi, na shamba lake la mtelemkoni alilichimba ngazi kwa ngazi kwa jembe lake mwenyewe. Alisema babu yake Kassimu alitoka Songea kuja kuchuma chai, baba yake akazaliwa kambini, na yeye mwenyewe akakulia Muheza kwa shangazi. Sasa ukitaka kupeleka neno kwao unalipeleka wapi? Ukoo haujulikani, na kazi yake ni kusema maneno ya watu wengine. Kuhusu chuo, mzee hakutaka hata kusikia. Alikwisha kumpoteza mtoto mmoja njiani.

Huyo alikuwa Abdallah, kaka yake Mwanahawa, aliyekwenda machimboni Mererani. "Alisema atarudi Idi," mzee alisema, kama alivyokuwa akisema siku zote. "Alisema huku anateremka njia, hata hakugeuka. Zimepita Idi sita." Baada ya hapo hakuna aliyemaliza chakula chake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye paa za maduka. Bi Klara aliweka kiti mlangoni, akauacha mlango wazi kwa ajili ya macho ya majirani, akatoa sindano na nyuzi zake za sweta. Kassimu alipunguza sauti ya televisheni mpaka ikaisha, akasogea kando na kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo Mwanahawa hajapata kumwona amekaa.

Onyesho lenyewe lilikuwa fupi. Chumba cha fundi cherehani, meza, dirisha lenye theluji nje. Mwanamke amekaa anakunywa chai. Fundi anashona. Mwanamke anasimama, anakwenda mlangoni, anatoka. Basi. Bila sauti ya Kassimu, Mwanahawa aliona ni kama hakuna kilichotokea.

"Rudisha," alisema.

Kanda ilirudi ikilia. Mara ya pili Kassimu alimwuliza kamera imekaa wapi. Mwanahawa alitazama, akasema iko chini, usawa wa meza.

"Na kwa nini mtu aipigishe magoti kamera yake?"

"Ili tuone mikono."

"Mikono inasema nini?"

Mwanahawa alisogea mbele ya benchi. Mkono wa fundi ulikuwa unashona kitambaa kile kile, mahali pale pale, sindano ikiingia na kutoka bila uzi. Hakuwa anashona. Alikuwa anaipa mikono yake kazi. Alikumbuka kwamba siku ya kwanza Kassimu alikuwa amemsemea yule fundi, "Kazi nyingi leo mke wangu," na watu wakacheka, wala hawakuona kwamba kicheko chenyewe kilikuwa na msiba ndani yake.

Mara ya tatu hakungoja kuulizwa. Aliona kwamba koti la mwanamke lilikuwa limefungwa vifungo vyote kabla hajaanza kunywa chai, kwa hiyo uamuzi ulikwisha kupita kabla sisi hatujaingia chumbani. Aliona mwanga wa dirisha ulimwangukia mwanamke peke yake, na upande wa fundi ulikuwa wa giza. Aliona chai ilibaki nusu. Aliona fundi hakusimama kumsindikiza, ila bega lake moja lilinyanyuka likashuka. Halafu, mwanamke alipokwisha kutoka, fundi alikichukua kikombe, akaenda nacho mpaka kwenye beseni, akasimama, akarudi na kukiweka rafuni kilivyo, na chai yake. Kamera ikabaki pale kwenye kikombe, haisogei, mpaka mtazamaji atamani kugeuza uso.

"Hakukiosha," Mwanahawa alisema kwa sauti ndogo. "Kassimu, hakukiosha."

"Nimeishi na kikombe hicho wiki tatu," alijibu. "Nilidhani niko peke yangu."

Alimwuliza amejifunzia wapi kusoma hivyo. Kassimu alimweleza kwamba kambini alikozaliwa, kabla hajapelekwa Muheza kwa shangazi, palikuwa na watu wa makabila kumi na mawili, na mlango wa pili aliishi bibi mmoja ambaye lugha yake haikujulikana na mtu. Bibi huyo ndiye aliyemlea Kassimu wakati mama yake akiwa kwenye chai. Kassimu alijua bibi ana njaa, ana furaha au amemkumbuka marehemu mumewe kwa namna anavyokamata ufagio. Alisema hayo bila kuona haya, na Mwanahawa alijikuta anaona fahari, kana kwamba kambi ile ilikuwa ya kwao. Haya ndiyo yaliyomfanya baba aseme hana kwao, akawaza, na kumbe ndiyo yaliyomfundisha.

"Sasa nionyeshe lile neno moja," alisema.

Kassimu aliisimamisha picha. Mwanamke alikuwa mlangoni, amewapa mgongo.

"Hapa. Uso ukionekana siwezi kutia chumvi, watu wanauona mdomo. Lakini mgongo ukigeuka, maneno ni yangu. Huyu amesimama na mgongo muda mrefu sana, Hawa, na hasemi kitu. Nikamtilia."

"Kwa nini masika?"

Alimtazama Bi Klara, ambaye ghafla alianza kuhesabu vitanzi vya sweta yake kwa sauti.

"Siku ile ulikaa benchi la tatu," Kassimu alisema, "umeshika fomu ya chuo. Nikaona mwanamke anaondoka, na wewe unamtazama kwa macho ya mtu anayejifunza njia. Nilitaka nimsikie japo mwanamke mmoja akisema atarudi. Nikamsingizia huyu."

Mwanahawa alihisi joto limempanda kutoka shingoni mpaka kwenye masikio. Alitaka kumkasirikia na hasira haikuja. Alimpenda, alijua hivyo waziwazi asubuhi ile, kwenye benchi la mbao, mbele ya televisheni isiyo na sauti, na hakuona sababu ya kujidanganya. Lakini alikuwa binti Salimu, na kurasa sita zilikuwa zinamngoja.

"Basi mwache mwanamke wa watu aondoke zake," alisema. "Neno langu ukilitaka, niulize mimi."

"Nakuuliza."

"Ngoja kwanza niandike insha."

Bi Klara alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

Aliiandika kwa siku nne, mezani pa kukatia mboga, mama yake akimsogeza huku na huku. Aliandika kwamba toni ya onyesho lile ni huzuni yenye heshima, kwamba hakuna anayelia wala kuahidi, na kwamba mtengenezaji ameizuia kamera isisogee ili na sisi tuzuiwe. Alitaja sindano isiyo na uzi, koti, mwanga, kikombe. Kila sentensi aliiuliza, nimekuona wapi? na isiyokuwa na jibu aliifuta, hata kama ilikuwa nzuri. Mwishoni aliongeza mistari mitatu ambayo hakuombwa: "Insha ya kwanza niliandika nilichosikia. Mtafsiri wetu alimpa mwanamke ahadi kwa sababu alishindwa kumtazama akiondoka bila ahadi. Kosa la kuiamini ni langu, na ndilo lililonifundisha kuangalia." Aliifunga bahasha akaipeleka posta mwenyewe.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Mwanahawa amekubaliwa, mafunzo ni ya miezi tisa, na wasahihishaji wameomba ruhusa ya kuwasomea wanafunzi wengine ukurasa wake wa kikombe. Safari hii nusura alie. Aliipeleka barua shambani, akamsomea baba yake amesimama kwenye ngazi ya chini, mzee akiwa kwenye ngazi ya juu na jembe.

Mzee Salimu alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kikombe chenyewe ni kikombe gani hicho ambacho watu wa Arusha wanakiandikia barua, na kama mtu anaweza kukiona.

Ndivyo ilivyotokea kwamba Jumapili, siku ya gulio la pili la wiki, mchana kweupe, Mzee Salimu aliingia kwenye banda la video kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watu walisogea wakampisha benchi la mbele. Kassimu alimwendea, akainama, akatoa shikamoo. Mzee aliitikia marahaba bila kumtazama sana, akaweka kofia yake gotini.

Filamu ilianza, na Kassimu alikuwa Kassimu. Aliwasemea wauza samaki wa ule mji, akamsemea polisi mnene, na bibi mwenye mbwa alipotokea aliamkia "Onga mshi" kwa sauti ya bibi yeyote wa Mlalo anayejiheshimu. Mabega ya Mzee Salimu yalitikisika mara mbili. Mwanahawa, aliyekaa nyuma yake, alihesabu.

Kisha chumba cha fundi kikaja. Kassimu alikizima kipaza sauti, akakiweka mezani, akapunguza sauti ya televisheni mpaka ikaisha.

Banda lilinung'unika. Mtu alimwuliza kama amelala, mwingine akasema labda kasahau maneno, na kicheko kikapita kwenye mabenchi ya nyuma. Kassimu hakujibu. Alikaa amekunja mikono, na Mwanahawa alijua inavyomgharimu, mtu ambaye jina lake lote limejengwa kwa sauti. Polepole watu walianza kuangalia. Sindano iliingia na kutoka. Mwanamke alisimama, akawapa mgongo, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyo raha, akatoka. Fundi alikichukua kikombe. Alipofika kwenye beseni akasimama, mama mmoja wa Shume akasema taratibu, "Usikioshe," na hakuna aliyemcheka.

Kikombe kilibaki kwenye kioo. Mzee Salimu alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono yote miwili. Rafuni kwao, nyuma ya sahani za wageni, kulikuwa na kikombe cha bati cha Abdallah ambacho mama yake Mwanahawa hakuruhusu mtu akitumie, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini.

Kassimu aliisimamisha kanda. Mzee aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Huyu mwanamke atarudi?"

Banda zima lilimgeukia Kassimu. Walizoea kwamba yeye ndiye mwenye kujua, na lingekuwa jambo jepesi kwake kumpa mzee masika yake.

"Picha haikusema, mzee," Kassimu alijibu. "Nilipata kusema atarudi. Niliongeza mimi. Sitaongeza tena."

Mzee Salimu aliirudisha kofia yake gotini. Kisha alisema, "Hongea," ambayo kwa Kishambaa ni shukrani, na mwezi mmoja nyuma asingelimpa Kassimu hata hiyo. Akamgeukia binti yake. "Na wewe?"

Mwanahawa alisimama. Hakusogea kwenda mlangoni. Alizunguka benchi akaja mbele, akasimama kando ya televisheni, mahali ambapo baba yake aliweza kumwona uso wote, na Kassimu naye aliweza.

"Mimi narudi, baba," alisema. "Tazama mdomo wangu nikisema. Miezi tisa, masika yakianza, narudi." Akayaacha macho yake yahame kutoka kwa baba yake mpaka kwa mtafsiri. "Na wewe uliniuliza nikakwambia ngoja. Jibu ni ndiyo. Ukapeleke neno la posa kwa baba, yuko hapa."

Watu wote walimtazama Kassimu, wakingoja atafsiri. Kipaza sauti kilikuwa mezani, karibu na mkono wake, na hakukigusa; neno hili angelisema kwa sauti yake mwenyewe.